Mahali Yako Bado Iko Kwetu

Mmeniuliza mara nyingi mno, na kila mara nimewajibu "ilikuwa sawa tu" na kuendelea kukoroga rangi. Nimechoka kuulizwa. Nyinyi ndio watu wanne katika Kitale nzima mnaosikiliza roki bila kulazimishwa, na mlinituma nikaione bendi yetu, Changarawe, kwa macho yenu pia. Basi nawaandikia yote mara moja, na mkimaliza kusoma tafadhali msiniulize tena. Habari za tikiti nimeziruka, maana hazina utamu wowote.

Kitale

Mnajua nilivyoondoka, lakini hamjui kwa nini. Sikwenda kuona bendi tu. Nilikwenda kumrudisha Nafula.

Niliwaambia mke wangu ameenda kwao Kibabii kumuuguza mama yake. Uongo mtupu. Mama yake ana afya kuliko mimi. Nafula aliondoka kwa sababu ya kibao. Alikuwa ameanza kazi yake ya cherehani pale barazani, akajiandikia kibao mwenyewe kwa rangi yangu: KUSHONA NA KULEKEBISHA NGUO. Mnanijua. Kazi yangu ni kuandika mabango, baba yangu ni Mtaita aliyeletwa huku na reli, na nyumbani kwetu mtoto akikosea ngeli alikunywa chai bila sukari. Nikapita pale, nikaiona ile L, nikachomoa brashi. Wateja wake walikuwa wameketi. Nikaifuta mbele yao, nikaandika R, nikamwambia, "Sema re-ke-bi-sha. Ulimi hautakatika." Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Siku hiyohiyo alifunga mizigo yake.

Zikapita wiki saba za kimya. Napiga simu, hashiki. Halafu siku moja ukaingia ujumbe, mstari mmoja tu: "Mahali yako bado iko kwetu."

Nani kati yenu haujui mstari huo? Ni kiitikio cha ule wimbo wa upande wa pili wa kanda. Beti zake ni za Kibukusu, ambacho sikijui, lakini kiitikio hata mtoto anakiimba: "Mahali yako bado iko kwetu, kuja tu, kuja uichukue." Nilikuwa nikiupiga huo siku Nafula alipoingia kibandani kuuliza bei ya rangi, akasimama mlangoni mpaka ukaisha. Tuliupiga kwenye harusi yetu. Mnakumbuka wajomba zake walivyoanza kulia muuu, muuu kama ng'ombe? Nilidhani wamelewa busaa. Na maneno yenyewe nikayaandika juu ya mlango wetu, nikiwa nimeyasahihisha, maana singeweza kulala chini ya ngeli mbovu: MAHALI PAKO BADO PAPO KWETU.

Kwa hivyo ujumbe ule niliusoma mara tatu. Nafasi yangu bado ipo! Ninaitwa! Na wiki hiyohiyo redio ikatangaza kwamba Changarawe wanapiga Kanduyi, karibu kabisa na kwao Nafula. Nikamwandikia, "Nakuja. Tukutane kwa Changarawe." Akajibu, "Sawa. Baba pia anakungoja."

Hata mzee! Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale dukani, na mwenye duka akanitazama.

Kitale hadi Tongaren

Nilivaa nyeusi tupu, kama mtu wa roki anavyopaswa: suruali nyeusi, kofia nyeusi, na ile fulana niliyoichora gitaa mwenyewe. Mnaikumbuka, ile ambayo gitaa lilitoka kama jembe.

Barasa, dereva wa lori la mahindi, aliniapia kwamba anapitia Tongaren dakika kumi tu kupakia, halafu moja kwa moja mpaka Webuye. Dakika kumi za Barasa, bana! Tulifika tukakuta mahindi yameanikwa kwenye maturubai, bado mabichi, na mwenye mahindi anaangalia mawingu. Mvua ikaja. Tukayafunika. Jua likaja. Tukayafunua. Mvua ikarudi. Mimi na suruali yangu ya roki nilishika ncha ya turubai siku nzima, na ilipofika jioni Barasa akasema, "Si utalala tu kwa lori? Kesho ni siku pia." Tamasha lilikuwa kesho hiyo.

Nilikwenda kula kwa Mama Naliaka, mwenye kibanda cha chakula hapo sokoni. Alikuwa na ugali, mboga ya mrenda na kuku wa kienyeji. Nikaagiza ugali na mrenda tu. Akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu, akaweka mwiko chini.

"Pore sana, baba," akasema. "Ni nani amekuacha?"

Mimi nilikuwa nimejaza mdomo na nilikuwa nimemfikiria mtu mmoja tu tangu asubuhi. Nikajibu kabla ya kuwaza, "Mke wangu."

"Uwiii!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Na bado kijana hivi! Arikuwa anaugua?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichouliza. Nilimeza ugali nikitafuta njia ya kumwambia kwamba mke wangu yuko hai, yuko Kibabii, na aliniacha kwa miguu yake mwenyewe. Lakini yeye alikuwa ameshawaita wenzake wauza mboga, na wakanizunguka akina mama watano. Mmoja akaomba kwa Kibukusu, maombi marefu, na wote wakawa wanasema "ee Papa", yaani ee Baba, huku wameniwekea mikono mabegani. Mama Naliaka akaniletea paja la kuku ambalo sikuagiza. "Kura, mwanangu," akasema. "Hata yeye angetaka ukure."

Kama ningepata pa kuanzia kusahihisha, ningesahihisha. Badala yake machozi yalinitoka, nikala kuku wa matanga ya mtu aliye hai. Nawaambia ukweli, hakuna aliyekuwa amenipa pole tangu Nafula aondoke, kwa sababu hakuna niliyemwambia.

Tongaren hadi Misikhu

Asubuhi mahindi yalikuwa bado mabichi na Barasa bado amelala. Nikatafuta boda ya baiskeli mpaka Misikhu, kwenye barabara ya lami. Watu wa huko wenyewe walinicheka. "Kwa baiskeri? Mpaka Misikhu? Na hii matope?"

Mwenye baiskeli alikuwa mzee wa makamo aitwaye Mukhwana, mwembamba, mwenye mapafu ya farasi. Kila mlima tulishuka tukasukuma wote wawili. Kila mteremko breki zilikataa, naye akatumia kiatu. Karibu na Naitiri tulianguka, na gitaa langu la kifuani likapata matope mpaka likafanana na jembe kabisa.

Tukiwa tunasukuma akaniuliza naenda wapi nimevaa hivyo. Nikamweleza habari za Changarawe. Akafurahi. "Ah, vijana wetu hao! Wanapiga kelele kama mabati kwa upepo." Akaanza kuimba kiitikio chetu, na mwishoni akalia muuu, akacheka peke yake.

"Kwa nini mnalia kama ng'ombe?" nikamuuliza.

"Si ndio wimbo?" akajibu, na ukaja mlima mwingine, akaishiwa pumzi ya kueleza. Laiti ule mlima usingekuwepo.

Misikhu hadi Kanduyi

Misikhu nilikaa kando ya lami karibu saa mbili nikinywa strungi, ile chai yao isiyo na maziwa, nikila muhogo wa kuchemsha. Hakuna kilichosimama. Mwishowe ikaja pikapu imebeba viti vya plastiki na hema. Dereva akanitazama ile nyeusi yangu, akafungua mlango bila mimi kunyoosha mkono.

"Unaenda Kanduyi? Panda. Hata mimi naenda huko huko."

Nilimwambia amenifaa sana. Tukapita Webuye tukiwa kimya. Nilidhani anaheshimu mawazo yangu, kumbe anaheshimu msiba wangu. Tulipofika Kanduyi hakusimama stendi. Alikata kona, akaingia bomani kwa watu, akasimama mbele ya umati uliokaa chini ya migomba, akaniambia, "Haya, tuteremshe viti kabla watu wa kanisa wafike."

Ningefanya nini? Niliteremsha viti. Niliviteremsha vyote, nikasaidia kusimamisha hema, nikapewa mkono na watu nisiowajua, nami nikawapa pole. Kwa mbali nilisikia ngoma zinapigwapigwa, dum, dum, mafundi wa Changarawe wakijaribu vyombo uwanjani, na mimi nimeshika kamba ya hema la marehemu ambaye sikuwahi kumwona. Nilipoaga, mjane alinishukuru kwa kuja kutoka mbali.

Uwanja wa Kanduyi

Hapa ndipo mlipotaka kufika, najua.

Watu hawakujaza hata upande mmoja wa uwanja. Nyasi zilikuwa zimeloa. Jenereta lilizimika mara tatu, na kila mara Simiyu, mwimbaji, alibaki ameachama mdomo mbele ya kipaza sauti kilichokufa. Ni mfupi, jamani. Kwenye picha ya kanda ni jitu, kumbe ananifika hapa begani, na alikuwa amevaa gambuti kwa sababu ya matope. Lakini jenereta liliposhika, na gitaa lile la kwanza likaja! Sijui niwaeleze vipi. Sauti haikupitia masikioni, iliingia kifuani na kukaa. Tumeisikia miaka yote kwenye redio yangu yenye spika moja iliyopasuka, tukadhani tunaisikia. Hatukuwa tumesikia kitu. Nilirukaruka kama mtoto, mtu mzima mimi, na sikujali.

Wimbo wa tatu, mtu akasimama kando yangu. Nafula. Alikuwa amesuka upya, na amevaa ile sketi ya buluu aliyojishonea. Nyuma yake alisimama kaka yake Wekesa, amekunja mikono.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Matope yote hii ni ya nini?"

Yote haya, nilitaka kusema. Nikauma ulimi. Nilijiona nimebadilika, hata nikatabasamu. "Ni ya Naitiri," nikamjibu.

Akatoa leso akanipangusa shavu. Nawaambia hilo kwa sababu ndilo ninalolikumbuka kuliko gitaa. Tukasikiliza nyimbo mbili bega kwa bega, naye akaimba zote, na nikasema moyoni, kesho tunarudi wote Kitale, nitamwandikia kibao kipya na herufi zozote anazotaka.

Kisha Simiyu akapangusa jasho, akasema na watu. "Sasa ile yenyewe. Watu wa mbari wananiuriza maana yake. Ni habari ya dada yetu. Ariolewa, bwana akamdharau, akarudi nyumbani. Baba akamtumia yule bwana maneno: wewe, ile ng'ombe yako ya kuolea bado iko hapa. Kuja uchukue! Rudi nayo, sisi tubaki na mtoto wetu!" Umati ukapiga kelele. "Si namna hiyo? Mahali yako!"

"Bado iko kwetu!" watu wakajibu.

"Mahali yako!"

"Muuu!" Uwanja mzima. Wazee, akina mama wauza njugu, watoto. "Muuu!"

Gitaa likaanza, na mimi nikawa nimesimama tu. Mahari. Si mahali. Mahari.

Nilimgeukia Nafula. Hakuwa akiimba.

"Ule ujumbe," nikamwambia, karibu na sikio lake kwa ajili ya kelele. "Uliniandikia mahali yangu."

"Eeh. Mahali yako. Ile ng'ombe."

"Nilidhani mahali. Mahali pa kukaa."

Nikaona anaelewa polepole, na uso wake ukawa na huruma ambayo sikuitaka. "Kwa hivyo ndiyo umekuja umefurahi hivi."

"Kwa nini hukuniambia maana ya wimbo? Miaka yote hii?"

"Nilikuambia! Siku ya harusi. Nilikuambia huu wimbo si wa harusi, ni wa mahali. Ukasema ndiyo, ni wa mahali. Nikasema apana, ma-ha-li! Ukaniambia, 'Mahali yako ni makosa, sema mahali pako.'" Aliikunja ile leso. "Nikanyamaza. Nilizoea kunyamaza."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata mahali tuliposimama, kando ya keki. Na wajomba wakilia kama ng'ombe, na mimi nikiwapungia mkono.

"Mimi siwezi kuishi na mtu anasikiza herufi," akasema. "Nilikuwa naongea na wewe, lakini wewe ulikuwa unasoma tu."

Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi. Mkiniuliza wimbo wa mwisho ulikuwa upi, sijui.

Kibabii

Nilikwenda kwao asubuhi iliyofuata, kwa miguu, nikiwa nimefua fulana. Mama mkwe alinisalimu kwa mbali, bila kunipa mkono, kama mila yao inavyotaka kwa mkwe. Nilifurahi kuona bado anaifuata. Nilihesabu hilo kama ushahidi kwamba bado mimi ni mkwe.

Mzee Wanyonyi, baba yake Nafula, alikuwa amesimama uani na kamba mkononi. Upande wa pili wa kamba alikuwa yule ng'ombe wangu, yule mwekundu mwenye doa jeupe, niliyemleta mwenyewe siku ya mahari. Amenona kuliko nilivyomleta. Alinijua, au nilipenda kudhani hivyo; alinilamba mkono.

"Karibu," mzee akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Sisi hatuna chuki na wewe. Hukumpiga mtoto wetu. Lakini amekataa, na mtu akikataa, kitu ya watu irudi. Shika."

Akaninyooshea kamba. Wekesa alisimama pale awe shahidi. Nafula alikuwa mlangoni.

Niliweka mikono mifukoni. Nikishika ile kamba tu, ndoa imekwisha, na hata mtoto mdogo pale uani alijua hivyo.

"Sishiki, baba."

"Shika, mkwe."

"Samahani, sishiki."

Mzee akaangalia kamba, akaangalia mifuko yangu, akamwangalia ng'ombe. "Sasa hii itakura majani yangu mpaka rini?"

Nikageukia mlangoni. Nilitaka kumwomba Nafula msamaha kwa maneno mazuri niliyoyapanga njiani, lakini kila nililolifikiria lilikuja likiwa limenyooka mno, na ngeli zake zote mahali pake, na nikalionea aibu. Nikasema tu, "Nafula, pole." Akaitikia kwa kichwa. Ng'ombe akakojoa. Nikaaga.

Kurudi

Barasa alinikuta Webuye, mahindi yake hatimaye yamekauka. Alikuwa amepitia kwa Mama Naliaka na kubeba kifurushi alichonitumia: mahindi na maharagwe yamefungwa kwenye jani la mgomba. "Anauliza kama murizika salama," Barasa akasema, akacheka sana, maana anajua mke wangu yuko hai. Nilipokea kile chakula. Nilimwambia amfikishie asante zangu, na kwamba bado hatujazika.

Nilifika nyumbani, nikasimama chini ya ule mlango wangu na maandishi yangu mazuri, yenye ngeli safi. Nilichukua brashi nifute. Sikujua nifute neno lipi. Nikairudisha kwenye kopo.

Kisha nikakaa kitandani nikamwandikia Nafula ujumbe, kwa mara ya kwanza kama anavyosema yeye, bila kusahihisha chochote: "Mahali yangu naomba ikae tu huko kwenu."

Alijibu upesi, upesi kuliko siku zote.

"Gani? Ya L ama ya R?"

Ni siku ya tisa leo. Nimeandika jibu na kulifuta, nimeliandika na kulifuta. Sijui kama anatania au anauliza kweli, na yeye ndiye mtu pekee ambaye ningemuuliza.